Dakika Tatu za Kunyamaza

Santa Iria, California
9 Machi 1996

Dada yangu Deolinda,

Ukimsikia mtu huko kisiwani kwetu Terceira anasema Belmiro Toste amezeeka, mkatalie. Juzi nimechaguliwa, na kwa kura zote isipokuwa yangu, maana sikujipigia. Mimi si mtu wa kujisifu. Sasa ni Mkuu wa Ufuatiliaji katika Chama cha Waliokuwa Wazee wa Baraza Kuu, Kaunti ya Los Olmos. Ukimsomea padri barua hii, cheo hicho kisome polepole.

Utauliza baraza gani, kwa sababu nilikueleza ukasahau. Kila mwaka hakimu wa hapa huwaapisha raia kumi na tisa, wanaume kwa wanawake, watu wa kawaida tu. Hao ndio wazee wa baraza. Mwaka mzima wanachungulia kazi za serikali ya kaunti: jela, visima, barabara, mpaka makaburi. Wanaita watu faraghani, wanauliza, wanaandika ripoti, kisha wanarudi makwao. Hawamfungi mtu. Wanamwandika, naye aliyeandikwa lazima ajibu kwa maandishi. Mwaka wetu nilikaa humo mimi, mkamua ng'ombe niliyetoka shule kabla sijajua kugawanya, katikati ya mkuu wa posta na daktari wa meno, na waliponiuliza neno nililijibu.

Sasa wazee wapya huingia kila Julai na wa zamani hutoka, na wakubwa wanalijua hilo. Wanajibu ripoti kwa adabu, "tutatekeleza," halafu wanakaa kimya wakingoja tusahau. Ndiyo maana tuna Chama. Tunawafundisha wapya namna ya kumuuliza mtu bila kumtisha. Tunaweka meza kwenye maonyesho ya kilimo kutafuta watakaojiandikisha. Na tunafukua majibu ya zamani: mlisema mtafanya, je, mmefanya? Huko kufukua ndiko kwangu.

Nimeanza na Daraja la Bandeira, lile la mbao juu ya mfereji ulilovuka siku ya harusi ya mwanangu Lucinda. Ripoti yetu ilisema nguzo zake zimeoza chini ya maji, lifungwe lijengwe upya. Diwani Royce Tillery, anayeongoza madiwani wenzake, akajibu watatekeleza. Hajapigilia hata msumari. Basi la shule linapita pale kila asubuhi limejaa watoto.

Tatizo ni Lucinda. Lori linalochukua maziwa kwake linapita daraja hilo hilo. Likifungwa, litazunguka kwa barabara ya vilimani, na kampuni ya maziwa imeshamwambia kwamba shamba la mbali kiasi hicho wanaweza kuliacha. Mwanangu ananiambia nataka kuua ng'ombe niliowazalisha mwenyewe. Zamani kila Jumapili aliniletea mkate mtamu ungali moto. Sasa gari lake linapita mlangoni kwangu bila kupunguza mwendo.

Atarudi. Mimi sirudi nyuma.

Kaka yako,
Belmiro Toste
Mkuu wa Ufuatiliaji


Terceira
30 Machi 1996

Kwa Belmiro, mbishi wa ukoo,

Cheo nimekisoma polepole kama ulivyotaka. Padri ameuliza kama kina mshahara. Nikamwambia hakina. Akasema basi ni cheo cha kweli.

Lucinda amenipigia simu Jumapili. Alilia, na huyo si mtoto wa kulia. Alipovunjika mkono kwenye zizi alikuwa anatukana. Anasema mumewe hasemi na mtu siku hizi, anasafisha mashine za kukamulia mara mbili mbili kama mtu anayeosha maiti. Wakiachwa na hiyo kampuni ya maziwa watauza kila kitu, na wa kwanza kwenye mnada watakuwa wale ng'ombe wenye damu ya yule wako uliyempa jina langu bila kuniomba.

Sasa nisikilize. Mimi ni mkubwa wako na nimekubeba mgongoni. Lucinda anasema kaunti ina mhandisi wa barabara, bwana mmoja anaitwa Dale Pruett, na karatasi za ofisi yake zote zinasema daraja ni zima. Ana shule yake yule. Wewe una shule gani? Umepiga mbizi ukazishika hizo nguzo? Kama hukupiga mbizi, basi kuna mtu aliwaambia. Nitajie huyo mtu. Jina tu. Nimpigie mtoto nimwambie, "Baba yako hakulitoa kichwani, fulani ndiye aliyesema," na mambo yaishe.

Msimu wa mchezo wa mafahali mtaani unakaribia. Nikimwona fahali anakimbia na kamba shingoni, watu wanampigia kelele naye anadhani ndiye mwenye mtaa, nakukumbuka. Jiulize kamba yako kaishika nani.

Dada yako,
Deolinda


Santa Iria
21 Aprili 1996

Dada Deolinda,

Pasaka imepita bila mwanangu mezani. Nilikula mayai peke yangu, na nilikula mengi ili asije mtu akasema nimekonda kwa huzuni.

Jina sina la kukupa. Niliinua mkono mbele ya hakimu nikaapa: nililolisikia mle chumbani, aliyelisema, na nani kati yetu alipiga kura vipi, sitasema mpaka nizikwe. Kiapo hicho hakiishi mwaka ukiisha. Kilichoandikwa kwenye ripoti ni cha watu wote, kisome mpaka macho yakuume. Kisichoandikwa hakipo. Wazee wa miaka mingine nao hawaambiwi. Kila mwaka una yake. Sisi wa mwaka wetu tuliobaki Chamani ni watatu: mimi, Harlan Beasley aliyekuwa mkuu wa posta, na Bi. Socorro Ybarra wa duka la mbegu. Tunakunywa kahawa pamoja kila Jumatano, na hata sisi kwa sisi jina hilo hatulitaji.

Mwezi huu mwanachama mgeni alinivuta kando kwenye mkutano wa Chama. Akaniuliza kwa kunong'ona, kama mwenzangu wa Chama, ni nani hasa aliwapa habari ya zile nguzo. Mwenyekiti wetu ni Bi. Maxine Orcutt, mwalimu mkuu mstaafu, na masikio yake bado ya darasani. Akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Huyo ukimuuliza tena, nakupa kazi ya kuosha vikombe mpaka mwakani." Watu wakacheka, lakini yule bwana aliosha vikombe siku hiyo hiyo.

Unadhani ni ukaidi. Haya, ni ukaidi, lakini una kazi. Mtu mdogo ofisini anayemwogopa mkubwa wake atakuja mbele ya baraza kwa sababu moja tu, kwamba anajua hatatajwa. Mtaje mmoja leo ili binti yako akuletee mkate, na mwakani wazee wapya watakaa kwenye kile chumba wakitazamana, hakuna atakayebisha hodi.

Madiwani wamekubali kulisikiliza jambo la daraja hadharani tarehe 14 Mei. Nitasema mimi. Nimeshapeleka koti kwa dobi.

Kuhusu fahali, usisahau kwamba watu wote wanaopiga kelele wako juu ya kuta. Chini mtaani yuko yeye.

Belmiro Toste
Mkuu wa Ufuatiliaji


Terceira
8 Mei 1996

Belmiro,

Naandika haraka, posta inafungwa. Lucinda atakuja kwenye huo mkutano wa tarehe 14. Atasema mbele ya watu, dhidi yako. Nimemsihi, hasikii, amerithi kichwa ambacho wewe na mimi tunakijua kilikotoka.

Usiende. Mwache huyo Beasley aende, au yule mwalimu. Baba na mtoto wasivuliane nguo mbele ya serikali.

Ukisoma hii, kaa nyumbani.

Deolinda


Santa Iria
17 Mei 1996

Dada,

Barua yako ya tarehe nane imefika leo. Mkutano ulikuwa Jumanne. Hata ingefika mapema ningekwenda, kwa hiyo usiilaumu posta.

Nakuandikia yale tu yaliyotokea mbele ya watu, kwa sababu hayo hata gazeti limeyapata.

Ukumbi ulijaa. Wafugaji wa upande wetu wa mfereji walikaa pamoja na kofia zao, na Lucinda katikati yao, amevaa lile gauni la kanisani. Sisi wa Chama tulikaa mbele. Pembeni, kwenye viti vya ofisi, alikaa mhandisi Pruett na faili magotini. Anayetaka kusema anapewa dakika tatu mbele ya kipaza sauti, na kuna taa: kijani unasema, njano unamaliza, nyekundu unakaa.

Lucinda alitangulia. Alieleza habari ya lori na vilima na kampuni ya maziwa, vizuri, bila kupepesa. Halafu akageuka, akaniangalia mimi badala ya madiwani. "Baba yangu ni mtu mwema," akasema, "lakini anapenda sifa kuliko anavyotupenda sisi." Akaenda kukaa. Dada, nimepigwa teke na ng'ombe wengi. Hakuna aliyejua pa kupiga kama huyu.

Nikasimama. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu mbele ya kioo wiki nzima na nilianza vizuri, muulize yeyote. Nikasema ripoti iliandika nguzo zimeoza. Nikasema waliahidi kwa maandishi. Nikasema basi la shule. Tillery akanikata. Ana sauti laini, kama mtu anayekuuzia jeneza. Akasema, "Mzee Toste, tunakuheshimu. Lakini karatasi za mhandisi wetu zinasema daraja ni zima, na mhandisi mwenyewe yupo hapa na hana la kuongeza. Wewe ni mkamua ng'ombe. Tuambie basi, ni nani aliyewaambia nguzo zimeoza?"

Nikamsikia mmoja wa wafugaji akisema, "Hana mtu huyo. Aliota." Wakacheka. Lucinda hakucheka, lakini aliinama.

Nikasema, "Niliapa." Basi. Taa ilikuwa bado kijani. Nilikuwa na muda wangu na sikutaka kumrudishia Tillery hata chembe, kwa hiyo nilisimama pale pale, mdomo nimeufunga, mikono nimeishika nyuma, nikamtazama. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikatikisa kichwa kwamba bado. Wakacheka tena. Taa ikageuka njano. Ikageuka nyekundu. Nikaenda kukaa.

Akaitwa Harlan Beasley. Unajua Harlan ni mrefu, mgongo haunyooki tena. Akasema jina lake, akasema alikuwa mzee wa baraza mwaka ule, akafunga mdomo. Akasimama dakika zake zote mpaka taa nyekundu. Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Akafuata Bi. Socorro na mkoba wake kifuani. Jina, mwaka, kimya. Dada, hatukupanga. Naapa kwa mama. Hatukunong'onezana hata neno moja. Hakuna aliyecheka tena. Ulisikika ule mlio wa taa za darini peke yake, na Tillery akaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

Mwisho akaenda Bi. Maxine, ambaye hakuwa wa mwaka wetu. Akasema, "Mimi sikuwa mle chumbani. Sijui wanachokijua hawa, na sitawauliza. Ila nimefundisha watoto miaka mingi, na mtu asiye na la kusema hanyamazi namna hii." Akakaa bila kungoja taa.

Tillery akasema tuendelee na jambo jingine. Hapo mhandisi Pruett akasimama. Hakwenda hata kwenye kipaza sauti. Faili lilimwanguka na hakuliokota. Akasema, kwa sauti ya mtu mwenye homa, "Nguzo zimeoza. Nimelijua muda mrefu. Niliambiwa niandike vingine nikaandika. Mimi ndiye mhandisi wa barabara, nina uwezo wa kulifunga daraja, na nalifunga leo."

Kelele zilizofuata sitaziandika, kuna maneno humo hayafai kwa padri.

Lucinda alinikuta nje nikitafuta funguo za gari. Macho mekundu. Akaniuliza, "Ungeweza kusema, na ukaniacha nikutukane vile mbele ya watu?"

Nikamwambia, "Kusema nini?"

Akaingia garini akaondoka. Jioni hiyo hiyo lori la maziwa lilizunguka kwa vilimani.

Kaka yako,
Belmiro Toste


Terceira
3 Juni 1996

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako kwa sauti pale mbele ya kanisa la Roho Mtakatifu baada ya watu kula, na walioshiba nyama ya sikukuu waliacha kusinzia. Sasa mtaa mzima unajua kwamba huko Amerika kaka yangu aliiangusha serikali bila kufungua mdomo. Mzee Januário, aliyekutandika utotoni kwa ajili ya machungwa uliyomwibia, amesema alijua tangu zamani utafika mbali. Mwongo.

Lakini Belmiro, mimi si mjinga. Niliirudia barua nikiwa peke yangu. Ni yeye, sivyo? Huyo Pruett ndiye aliyekuja kwenu mle chumbani akawaambia. Halafu amekaa pale na faili lake akaacha mchekwe mpaka akaona aibu. Sasa ameshasema mwenyewe mbele ya watu wote, siri imekwisha, unaogopa nini tena? Niambie ndiyo. Nina miaka themanini na mbili, kaburi langu limeshachimbwa nusu, nitakwenda na siri hiyo.

Na kama ni yeye, mmemshukuruje? Lucinda anasema wamemtoa kwenye barabara wakampa meza chini kwenye ghala la nyaraka. Mtu aliyesema kweli mnamwachia panya?

Mtoto anakuulizia. Haulizi waziwazi. Anauliza kama umeandika.

Deolinda


Santa Iria
30 Juni 1996

Dada Deolinda,

Sielewi unachouliza. Mhandisi Pruett alisema aliyoyasema tarehe 14 Mei mbele ya ukumbi mzima, na hiyo ndiyo siku niliyomsikia. Zaidi ya hapo huku ni joto, mahindi ya kulishia yamefika kiunoni, na goti langu la kushoto linaniambia uwongo kuhusu mvua.

Umeuliza kuhusu shukrani. Swali hilo lilifika Chamani. Mmoja alitoa hoja tumpe bwana Pruett cheti chenye fremu, kwenye chakula chetu cha kila mwaka. Nikapinga. Nilisimama nikasema mpaka sauti ikakauka, kwamba cheti kikitoka kwetu, kila anayekiona ukutani atajiuliza kwa nini kimetoka kwetu. Harlan na Bi. Socorro wakapiga kura na mimi, bila kueleza sababu, na hoja ikafa. Wengine walituona watu wa roho mbaya. Waache waone.

Ila tumewaandikia madiwani, kama Chama, kwa haki ya kila raia, tukiuliza kwa nini kaunti ina mhandisi wa barabara anayepanga makaratasi ghalani. Tumeomba jibu kwa maandishi. Na mimi nikikutana naye pale mgahawani navua kofia. Sijamvulia kofia mtu tangu askofu alipopita hapa. Yeye huinamisha kichwa, hunywa kahawa yake, tunazungumza habari za goti.

Kampuni ya maziwa haijamwacha Lucinda. Nilikwenda kwao, nikakaa kwenye kiti cha mapokezi na koti langu la dobi mpaka meneja akatoka kula akanikuta bado nipo. Nisimulie kwa urefu? Hapana, sijisifu. Lori linazunguka vilimani, wanalalamika wote, dereva, Lucinda na ng'ombe, lakini linafika.

Hajaniletea mkate. Ila jana gari lake lilipunguza mwendo.

Belmiro Toste
Mkuu wa Ufuatiliaji


Santa Iria
11 Agosti 1997

Dada yangu mpendwa,

Nilikuahidi habari nikipata za maana, na hii hapa inafaa usomewe ukiwa umekaa.

Daraja jipya linapitika tangu masika, la zege, baya kwa sura, zito kama dhambi. Tillery alikata utepe na kusema kwamba siku zote alilitaka. Pruett wamemrudisha kwenye barabara. Mimi nilisimama nyuma na kofia mkononi, nikaacha wapigane picha.

Hiyo si habari. Habari ni kwamba Februari, kwenye meza yetu ya Chama pale maonyesho ya kilimo, niliinua macho nikamwona Lucinda ameshika kalamu. Sikumwita. Bi. Maxine ndiye aliyempa kiti. Akajiandikisha, hakimu akamhoji, na mwezi wa saba majina yakachezeshwa kwenye kasha mbele ya ukumbi, na jina la mwanangu likatoka. Akainua mkono akaapa. Nilikuwa safu ya mbele. Nasikia nililia, lakini hilo lilisemwa na Harlan, na macho ya Harlan yana mtoto wa jicho.

Jana ilikuwa Jumapili. Nilikula kwao, nyama ya kuchemsha juu ya mkate na mnanaa, kama ya mama. Wamekwisha kaa wiki kadhaa mle chumbani sasa. Mimi nina cheo, nina uzoefu, nilidhani neno dogo kati ya baba na mtoto haliwezi kumuua mtu. Nikamuuliza mwaka huu wanachunguza nini. Akanisogezea chumvi. Nikamwambia mimi si mtu wa nje, mimi nimekaa kwenye viti vile vile. Akanimiminia mchuzi. Nikasema atikise kichwa tu: ni kile kisima cha Los Banhos, au ni jela?

Akaweka mwiko chini. "Baba," akasema, "kula, kinapoa."

Mumewe alicheka mpaka akatoka nje. Nikajaribu mara nyingine kwa njia ya kuzunguka, nikimsifia hakimu, nikitaja kisima kama mtu anayetaja hali ya hewa. Yule mtoto alinitazama kwa macho yangu mwenyewe na hakutikisa hata ukope. Dada, hata ningempigia magoti asingesema.

Nilirudi nyumbani bila kujua lolote, na sijawahi kushiba namna ile.

Kaka yako,
Belmiro Toste
Mkuu wa Ufuatiliaji, na baba wa Mzee wa Baraza